Uso wa Melino Katika Fedha

Jioni ile nilitoka kununua samaki. Basi. Sikuwa na safari nyingine.

Upepo ulikuwa unatoka kaskazini, ule unaokata masikio, na barafu ilikuwa imeanza kushika kingo za mto. Sokoni walikuwa wamebaki wauzaji wawili watatu. Nikaenda kwa Simake kama kawaida. Simake alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu mke wangu, na tangu Melino afariki, miaka miwili wakati ule, ndiye mtu pekee mjini aliyekuwa bado ananitania.

"Shemeji! Umekonda kama ufito. Unapika kweli, au unanusa tu moshi wa majirani?"

"Nipe samaki mmoja, acha maneno."

Nikampa drakma mpya, sarafu ya fedha. Zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka wiki ile. Upande mmoja sura ya Mfalme Nikarko. Upande wa pili Binti wa Chemchemi, mlinzi wa mji wetu, nywele zimefungwa kwa utepe.

"Samaki mmoja, drakma nzima! Chenji nitaitoa wapi, kwani mimi nimeolewa ikulu?"

"Kaa nayo. Nitakuja kuchukua samaki mpaka iishe."

Akaisogeza kwenye mwanga wa makaa yake. Akaigeuza. Mzaha ukamtoka usoni.

"Eukrito... huyu si Melino?"

Nikatazama samaki.

"Ni Binti wa Chemchemi," nikasema.

"Haya," akajibu taratibu. "Kama unasema ni Binti wa Chemchemi."

Kisha akaing'ata. Kila mtu huku anang'ata fedha, tangu baba yake Nikarko atulipe shaba iliyopakwa fedha juu. Ilipompendeza, akaitupia mdomoni na kuisukuma shavuni kwa ulimi, kama tunavyofanya sote sokoni tusije tukaibiwa. Akaendelea kuongea nami hivyohivyo, drakma imo mdomoni, inagongana na meno yake.

Kla. Kla.

Kazi yangu ni kuchonga mihuri. Nachonga sura kwenye kipande cha chuma, imezama ndani, imegeuka kushoto kulia. Mpiga nyundo anaweka donge la fedha katikati ya mihuri miwili, anapiga mara moja, sura inatoka. Mfalme alikaa mbele yangu siku tatu nikimchonga. Lakini Binti wa Chemchemi hakuna aliyewahi kumwona. Nilikaa na chuma kile siku nyingi, peke yangu, katika nyumba ambayo hata mlango ulikuwa umesahau kugongwa. Mkono ukachonga uso unaoujua. Nilipokandamiza nta kwenye muhuri na kuibandua, Melino alinitazama kwa pembeni, kama alivyokuwa akinitazama nikichelewa kula.

Ningeweza kuufuta. Sikuufuta.

Nilifika nyumbani giza likianza kuingia. Nikasukuma mlango, na kabla sijaona chochote, pua yangu ikanusa.

Samaki. Lakini si yule niliyemshika mkononi. Hii ilikuwa harufu yenye joto, ya mate, ya mdomo wa mtu.

Jikoni, kwenye kigoda, mtu alikuwa amekaa kanipa mgongo.

Nikasimama. Samaki akaniponyoka.

Nywele zile nilizijua. Zilikuwa zimelowa chapachapa, zimeganda shingoni, na zilikuwa zinadondosha kitu kizito kuliko maji.

"Melino?"

Hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

"Kuna joto," akanong'ona. "Mume wangu... niko ndani ya kitu, kina joto, na kinaongea."

Nikamzunguka. Alikuwa ni yeye, na uso ni ule ule, ila shavuni palikuwa na alama. Vishimo vinne juu, vitatu chini.

Meno.

Nikanyoosha mkono nimguse. Akajikunja kama mtu aliyeguswa siku nzima.

"Hapana. Na wewe pia?"

Nikakimbilia taa. Nilipoiwasha, kigoda kilikuwa kitupu. Chini yake sakafu ilikuwa imelowa, na nilipoinama nikanusa mdomo wa Simake.

Nitasema ukweli, maana sina wa kumficha tena. Niliogopa usiku ule mpaka nikatapika. Lakini asubuhi nilipoamka, jambo la kwanza nililofanya ni kufagia jikoni. Na jioni nikapika bakuli mbili.

Akaja.

Akawa anakuja kila siku, ule wakati wa kuwasha taa. Nikajifunza kutoiwasha. Tulikaa gizani, yeye kwenye kigoda, mimi sakafuni. Hakugusa chakula. Mara nyingi hakusema kitu. Kila jioni alikuja na jambo jipya mwilini: siku moja ana unga mpaka kwenye kope, siku nyingine ananuka divai, siku nyingine amejaa masizi ya mhunzi. Vidole vya watu vilimwachia alama shingoni, nyekundu, nene.

Mimi nilikuwa namweleza habari za mji. Nani kaoa, nani kaanguka kwenye barafu. Nilikuwa nacheka peke yangu. Miaka miwili sikuwa nimecheka ndani ya nyumba ile.

Halafu akafa Fania, fundi wa meli. Tukamzika mchana. Niliona kwa macho yangu binti yake akifunua mdomo wa baba yake na kumwekea drakma juu ya ulimi, nauli yake ya kuvukia huko aendako. Drakma mpya. Ilimeremeta kidogo, kisha mdomo ukafungwa.

Jioni Melino alikuja na udongo masikioni.

Alijaribu kusema, udongo ukamtoka mdomoni. Ulimwagika sakafuni bila kuisha...

"Eukrito," alisema hatimaye. "Mimi nilikuwa nimeshapumzika."

"Najua."

"Nani alinitoa?"

Nikaanza kufagia udongo.

Siku iliyofuata Batako akaniita. Batako ndiye msimamizi wa karakana ya sarafu, mtu mnene, mwenye sauti ya kuuza mbuzi. Alikuwa ameshika muhuri wa Binti wa Chemchemi, umepata ufa.

"Tazama! Kijana wangu anapiga nyundo kama anaua nyoka. Mzee, nichongee mwingine. Binti yule yule au mwingine, mimi sijali, wanawake wote wa chemchemi ni sawa tu, nywele na pua. Ila haraka. Mfalme anataka kuwalipa askari wa ng'ambo ya mto."

Binti yule yule au mwingine.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ningechonga uso wowote: wa Simake, wa mpita njia, wa mtu wa kubuni tu. Nilikaa na chuma kipya mchana kutwa. Nikafikiria kigoda kitupu. Nikafikiria bakuli moja.

Nikamchonga tena Melino. Na safari hii nilimchonga vizuri zaidi.

Askari wale walilipwa uwanjani, mbele ya lango la mto. Si watu wetu, ni wa kukodi, mashavu yamechorwa, na habari za baba yake Nikarko na shaba yake walikuwa wamezisikia. Hawakuhangaika kung'ata. Kila mmoja alitoa tindo na nyundo. Waliweka drakma kwenye jiwe, wakapiga, wakachungulia ndani ya mkato kama fedha imeingia mpaka katikati.

Nilisimama pale nikisikia.

Ta. Ta. Ta. Ta.

Mamia.

Nilikimbia nyumbani. Jua lilikuwa bado lipo juu ya mapaa, si saa yake, lakini alikuwa ameshafika. Alikuwa amelala chini kando ya jiko. Uso wake ulikuwa umepasuliwa kwa mkato kutoka paji mpaka kidevu, na mwingine, na mwingine, mikato imepishana. Hapakuwa na damu. Ndani ya kila mkato palikuwa peupe, panang'aa.

Nikachana nguo yangu nimfunge. Kitambaa kikapita hewani. Hapakuwa na kitu cha kufunga.

"Basi, Eukrito," akasema. Mdomo wake haukukutana vizuri. "Basi, mume wangu. Basi."

Kesho yake nikaenda kwa mfalme.

Mafundi huwa hatuitwi pale ila kwa kazi, na mimi sikuitwa, lakini mlinzi alinitazama mara moja akanipisha. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ameambiwa: fundi wa mihuri akija, mruhusu.

Nikarko alikuwa amekaa katika chumba kilichofungwa mapazia mchana. Kijana bado, hana hata miaka thelathini. Alikuwa amevaa kofia nzito ya manyoya, ameivuta mpaka kwenye nyusi, na skafu imemfunika mpaka midomo.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Mfalme."

"Basi sema."

"Naomba drakma zile zirudishwe. Zote. Ziyeyushwe."

Hakukasirika. Akawaamuru watumishi watoke. Mlango ulipofungwa akavua kofia, akafungua skafu.

Ngozi ya paji lake ilikuwa imelainika na kung'aa, kama ngazi ya hekalu inayokanyagwa kila siku. Kwenye taya palikuwa na alama za meno, ndogo na kubwa, za watu tofauti. Na mikwaruzo myembamba, mirefu, mipya.

"Askari wale," akasema. "Wengi walikata upande wa pili. Wachache wamekata upande wangu. Kwa sasa ni mikwaruzo."

"Nikila, mtu ananiminya pua. Nikilala na mke wangu, mtu ananitia mdomoni. Jana nilikuwa nasikiliza kesi ya mpaka wa shamba, mara nikahisi nimeangukia kwenye tope, kwato ikanikanyaga. Nikapiga kelele mbele ya wazee." Akacheka kidogo, bila sauti. "Baba yangu aliweka picha ya tai kwenye fedha yake. Nilimwona mshamba. Mimi nilitaka nijulikane hata mahali nisipofika. Haya, najulikana."

"Zirudishwe, Mfalme."

"Nusu imeshavuka mto pamoja na wale askari, fundi. Nimtume nani akawaambie wanirudishie mshahara wao?" Akafunga tena skafu, polepole. "Na wewe? Upande ule wa pili ni nani?"

"Mke wangu."

"Yu hai?"

"Hapana."

Alinitazama muda mrefu. Nimewahi kutazamwa kwa hasira na wakubwa, lakini si hivyo.

"Mimi nilijitoa mwenyewe, kwa kiburi changu," akasema. "Yeye alikukosea nini?"

"Nilikuwa mpweke."

Aliniashiria mlango kwa kidole. Nilipofika kizingitini akasema nyuma yangu, kwa sauti ya chini kabisa, "Nenda kavunje ile mihuri. Yote miwili. Leo."

Tuliivunja jioni ile. Batako alilalamika mpaka mwisho. "Chuma kizuri hiki, jamani, chuma kizuri kabisa..." Nyundo tatu, ikaisha.

Lakini sarafu zilikuwa zimeshatoka.

Siku ya tatu Mfalme Nikarko alikutwa amekufa bafuni, mchana, maji bado ya moto. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Batako ana binamu aliyesaidia kumwosha, na binamu huyo alisema palikuwa na mkato mmoja tu, kuanzia jichoni mpaka tayani, wa kina, umenyooka. Maji ya bafuni yalikuwa safi kama ya kunywa.

"Kisu hakikuonekana," Batako aliniambia. "Na ndani ya kidonda, anasema, palikuwa peupe. Mzee, umewahi kusikia kitu kama hicho?"

Nikamwambia sijawahi.

Nikarko hakuacha mtoto. Baraza la mji likashika hatamu. Barafu ikaufunga mto, ikafungua, ikafunga tena. Melino akaendelea kuja, lakini si Melino yule. Fedha inayopita mikononi mwa watu inalika. Kwanza zilifutika nyusi. Halafu pua ikawa kitu laini kisicho na ncha. Mikato ile ya tindo ikajaa, ikawa mistari, ikapotea. Midomo ikabaki alama tu.

Hakuweza kusema tena. Sijui hata kama aliniona. Alikaa kwenye kigoda akielekeza upande wangu uso ulio kama yai, na mimi nilimweleza habari za mji, sauti yangu ikizidi kupungua.

Mwaka wa pili, mwanzoni mwa majira ya baridi, hakuja.

Nikangoja mpaka taa za majirani zote zikazimwa. Kesho yake hakuja. Wiki nzima. Nikawasha taa, nikaizima, nikatoka nje na kurudi nikijidanganya kwamba nimemkuta. Simake aliniletea supu, akakuta bakuli mbili mezani. Akaziangalia, akaweka supu, akaondoka bila mzaha.

Nilipokuwa peke yangu mara ya kwanza, baada ya msiba, niliweza. Mara ya pili sikuweza.

Baraza likaamua kutoa drakma zao. Sura ya mfalme hawakuitaka tena, unaelewa kwa nini. Walitaka upande mmoja upinde na shoka, upande mwingine Mzee wa Mto, mwenye ndevu na pembe. Batako akaniletea chuma.

"Ndevu nyingi, mzee. Watu wanapenda ndevu."

Nikachukua kioo cha shaba cha Melino, nikakisimamisha mezani, nikaanza kuchonga.

Sikuwa nimelewa. Nilimwona Nikarko kwa macho yangu, nilijua alivyokufa. Lakini nilikuwa nimefikiri hivi: yeye yuko huko nje, katika mikono na mifuko na midomo ya watu, na huku hawezi kuja tena. Basi mimi ndiye niende.

Batako alipoona nta akaangua kicheko.

"Mbona Mzee wa Mto ana pua yako?"

"Mito yote ina pua hii."

"Na kipara?"

"Mpiga nyundo wako amelala au amekufa? Anza kazi."

Nyundo ya kwanza ilipoanguka nilihisi joto katikati ya macho. Ya pili, masikio yakavuma. Kufikia ya kumi nilikuwa nimekaa chini, Batako ananipepea kwa aproni yake na kuniuliza nimekula nini.

Watu wakaanza kunishika baada ya siku mbili. Nilikuwa nafunga kamba za viatu, kidole gumba cha mtu nisiyemjua kikapita shavuni kwangu, kwenda na kurudi. Kilikuwa kinanuka kitunguu. Jioni ulimi ukanigeuza. Sikupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa. Kila nilipohisi giza la mfuko, na baridi ya fedha nyingine ikinigusa, nilifumba macho nikaita jina lake.

Hakuna aliyejibu. Majira ya baridi yote, hakuna.

Jana, jua lilikuwa halijazama, nilikuwa nimekaa kibarazani. Nje kweupe, watoto wanapita na kuni. Mimi nilikuwa gizani. Mfuko wa ngozi, mzito, wa mtu anayejiandaa kwa safari, maana ndani yake mlikuwa na harufu ya jibini kavu. Nilikuwa nimebanwa kifudifudi juu ya mtu.

Uso kwa uso.

Alikuwa anapumua. Pumzi ndogo, ya baridi, inaingia midomoni mwangu.

Machozi yakanitoka. Mtoto mmoja akasimama akanishangaa.

"Melino?" nikanong'ona. "Uko karibu?"

Pumzi ikakatika.

"Karibu, fundi," ikajibu sauti ya mwanamume.

Sauti ile niliisikia mara moja tu maishani, katika chumba chenye mapazia.

"Yuko wapi?" nikauliza. "Mfalme, yuko wapi?"

"Mgongoni kwangu. Unene wa drakma moja." Alisema taratibu, bila chuki. "Anaita mtu. Anaita mchana kutwa. Jina silisikii vizuri."

"Mwambie nimekuja. Geuka umwambie."

Nilisikia, au nilidhani nimesikia, nyuma yake, mbali sana kwa umbali ule mdogo, sauti ya mwanamke.

"Nigeuke vipi?" akasema. "Si wewe uliyenichonga?"

Kisha mfuko ukainuliwa begani, na mwenye mfuko akaanza kutembea. Mpaka sasa ninapokusimulia haya, hajasimama.